Samaki wa Alute

Kwetu Msule mtu akidanganyika upesi tulimcheka, tukamwambia, "Wee nawe, samaki wa Alute!" Alute ni mume wangu. Na hao samaki walikuwepo kweli, tena wengi, kwa hiyo neno hilo halikuniudhi hata siku moja, mpaka mwaka aliokuja Leonidas.

Bwawa la Msule liko bondeni. Ukitoka Ihanja unaiacha barabara kubwa, unashuka na njia ya ng'ombe mpaka unasikia vyura. Upande wa machweo maji ni mapana na chini ni tope. Upande wa mawio ni mawe matupu, haya mawe yetu makubwa ya Singida, mengine yamesimama juu ya maji, mengine yamezama, na katikati yake kuna mapango na vichochoro ambamo samaki wanazaa na kulea. Zamani tulivua kote kote. Ikaja njaa ya baada ya vita vya Uganda, tukavua hadi perege akawa kama kidole cha mtoto, unamkaanga anabaki mafuta. Ndipo akaja Bwana Samaki wa wilaya, kijana mpole anaitwa Simoni, akakaa na wazee akawaambia wafunge upande wa mawe, asivue mtu hata kwa ndoana. Wazee wakachomeka vigingi majini kuwa mpaka. Atakayevua ng'ambo ya vigingi anatoa mbuzi.

Mlinzi akawekwa Alute, kwa sababu shamba letu linapakana na mawe, na kwa sababu akiombwa na wakubwa hajui kusema hapana. Kwangu mimi alijua, tena bila kufungua mdomo.

"Baba Lucy," nilimwambia, "unalinda maji kwa mshahara wa asante?"

Akanyamaza. Alute akinyamaza ujue amekwisha kataa, utapayuka peke yako hadi jua lizame.

Basi, miaka ikaenda. Samaki wakaongezeka, lakini si hilo tu, wakabadilika tabia. Upande wa tope samaki walitujua sisi ni nani. Kandambili ikilia kwenye changarawe, kabla hujafika ukingoni wote wamezama kwenye lile shimo lenye kina, chini ya tuta la bwawa. Kivuli cha kunguru tu kinawatawanya. Upande wa mawe, samaki wale wale, mama mmoja baba mmoja, unaingia kuosha sufuria wanakuja kukunyonya vidole vya miguu. Nasugua ukoko wa ugali huku nawasukuma kwa kiwiko, "Tokeni hapa, hamna adabu nyie!" Wanasogea kidogo, wanarudi. Wakubwa kama sahani, hawamwogopi mtu, hawamwogopi mbuzi.

Alute ndiye aliyewadekeza kabisa. Mimi napika pombe ya mtama, na machicha yake badala ya kuwapa nguruwe, yeye anayatia kwenye ungo anakwenda nayo kwenye jiwe bapa, anawarushia kwa mkono. Alikuwa na jike moja lenye mkia uliopasuka, akaliita Bibi. Nilimwambia siku moja atamleta Bibi nyumbani nimtandikie kitanda.

Wengine walivuka vigingi, maana samaki hajui mpaka. Aliyevuka hakumaliza asubuhi. Anaiona miguu ya mvuvi, anaifuata, anadhani ni Alute. Watu wakimtoa kwenye ndoana wanacheka, "Huyu katoka kwa Alute!" Na hao waliovuka ndio walioilisha Msule. Hata mimi niliwakaanga nikawauza kando ya barabara Ihanja, abiria wa mabasi wanajua. Nasema hili mapema msije mkanidhania mtakatifu. Mimi samaki nakaanga, siwalilii.

Ikaja enzi ya ruksa. Kila kitu ruksa. Duka la ushirika likafungwa, mlango ukaota vumbi, mitumba ikamwagwa Ikungi siku ya mnada ukachagua mpaka macho yakauma. Bwana Samaki Simoni akapunguzwa kazini, mara ya mwisho nilimwona Singida mjini anauza vitenge, akaniuliza habari za Bibi. Hakuletwa mwingine. Na mashine ya kusaga ya kijiji, iliyokufa tangu zamani kwa kukosa kipuri, ikafanywa kiota na kuku. Sisi wanawake tukawa tunabeba mtama kichwani hadi Ihanja, tunarudi na unga na shingo imeingia kifuani.

Hapo ndipo alipokuja Leonidas na pikapu yake. Kijana wa mjini, ananunua samaki mabwawa yote, anawatia kwenye masanduku ya barafu anawapeleka Dodoma. Ningependa kusema alikuwa na kiburi. Hakuwa nacho. Alisalimia kila mtu mzima shikamoo, akanywa togwa aliyopewa akaimaliza, akaketi chini kama wenzake. Kwenye mkutano wa kijiji akasema neno moja: mkinipa upande wa mawe nivue mara moja, nawaletea mashine ya kusaga, mpya, haijatumiwa na mtu.

Jamani! Wanawake walipiga vigelegele kabla hajakaa.

Nikasimama. Mimi nina mdomo, kwa hilo najulikana. "Mwenyekiti," nikamwambia Alphonce, "mashine tunaitaka, mimi wa kwanza. Lakini akikokoa mawe yote, huo ugali wa mashine mpya tutaula na nini? Na moshi wake?"

Watu wakacheka. Kisha jirani yangu Kristina akanigeukia, hana hata hasira, amembeba mjukuu mgongoni, akasema, "Mama Lucy, wewe bwawa liko mlangoni kwako. Mimi mlangoni kwangu kuna kinu. Nitatwanga mpaka lini?"

Kristina kifua kinamwuma, mimi mwenyewe ndiye ninayemkanda mafuta. Nikakaa.

Alphonce akamwuliza Alute, kwa kuwa ni mlinzi, ana neno gani. Alute akasimama, kofia mkononi, akaitazama kofia. "Samaki hawa hawajui kukimbia," akasema.

"Si ndiyo vizuri!" mtu akajibu kutoka nyuma, na mkutano ukaangua kicheko. Mikono ikanyooshwa. Leonidas angekuja baada ya mnada wa Ikungi.

Siku ile Alute hakula. Nilimwekea ugali na mlenda, akauangalia kama kitu cha mgeni. Nikaanza kuwasema, Alphonce, Leonidas, wote waliocheka, nikawasema mpaka koo likakauka. Alipoona nimechoka akasema, "Tutawafundisha."

"Tutamfundisha nani?"

"Samaki. Tuwafundishe kuogopa."

Nikadhani amechanganyikiwa. Lakini akanieleza, na Alute kueleza jambo refu ni nadra, kwa hiyo nilisikiliza. Kokoro la Leonidas, ule wavu mrefu, litazungushwa penye mawe na kuburuzwa hadi ufukweni. Kwenye lile shimo chini ya tuta haliburuziki, kuna visiki tangu bwawa lilipochimbwa. Samaki wa upande wa tope wakisikia kishindo wanakimbilia huko huko, ndiyo maana wavu huwa hauwamalizi. Sasa na wa kwetu wakijua hivyo, siku ile yeye Alute atangulie kupiga kelele kabla kokoro halijashuka. Watakimbia. Leonidas atapata wazembe, na mbegu itabaki shimoni. Mashine tutapata, na samaki watarudi.

"Hawajapata kuogopa maisha yao yote," nikasema.

"Ndiyo maana tuanze kesho."

Haki ya Mungu niliona ana akili. Asubuhi tukashuka na debe tupu, fimbo na mawe. Wakaja kutupokea kama kawaida, midomo juu. Alute akanyanyua fimbo akayapiga maji kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Ndiyo kupiga huko?" nikamfokea. "Lete hapa!"

Nikalipiga lile debe mpaka mawe yakaitikia. Nikavurumisha mawe, nikayachapa maji kwa fimbo, natukana. Wakaruka, wakagongana, wakatawanyika, maji yakawa tope, halafu kukawa kimya, hakuna hata mmoja. Nilifurahi kidogo. Kisha nikaona vibaya sana moyoni. Alute alikuwa amesimama nyuma yangu amefumba macho.

Debe tuliliacha pale pale kwenye jiwe bapa, nani alibebe kila siku. Jioni Alute akatoka. Nikamwuliza wapi. "Nakwenda kuona kama wamekaa shimoni."

Kesho yake tukapiga tena, wakakimbia, lakini si mbali. Kesho kutwa yake nilipopiga debe walisogea hatua chache wakageuka wakatukodolea. Mimi nikaongeza nguvu. Siku iliyofuata Bibi alikuja moja kwa moja miguuni mwangu huku debe linalia, nikamchapa fimbo mgongoni, akaenda upande upande kama mlevi.

"Basi, Mama Lucy," Alute akasema.

"Basi nini? Kokoro litamwambia basi?"

Nilikuwa nalia nikisema hivyo, sikujali. Sikuelewa hawa samaki wana nini. Mbuzi ukimpiga mara mbili anajua, kuku anajua, hawa kila tulivyowapiga ndivyo walivyozidi kuja. Na nyumbani nina lingine la kunikera: Alute kila jioni anarudi ananuka pombe. Nilidhani anapita kilabuni kunywa, huzuni imemwingia. Wala sikufikiri kwamba anawalisha, kwa sababu ungo wake ulikuwa ukutani, mkavu, na tulikubaliana asiwape kitu. Nikamsema. Akanyamaza.

Leonidas akaja siku aliyosema. Msule nzima ilishuka bondeni kama kwenye harusi. Mashine ilikuwa nyuma ya pikapu, bado imevikwa nailoni, wanawake wakaizunguka wanaipapasa. Na mimi niliipapasa. Ilikuwa baridi na nzuri.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," tukaitikia. Utafanyaje? Salamu haikataliwi.

Vijana wake wakaanza kukunjua kokoro ufukweni. Alute akanitazama, nikamwambia kwa macho, nenda. Akavua viatu, akaviweka sawasawa juu ya jiwe, akachukua debe na fimbo, akaingia majini mpaka magotini. Watu wakadhani anakwenda kuwaaga samaki wake, wakampisha. Akapiga.

Safari hii alipiga kweli. Sikuwahi kumwona akipiga kitu namna ile. Na maji yakaanza kucheza. Kwanza kati ya mawe, kisha mbele zaidi, kisha kule kule kwenye shimo chini ya tuta, nikaona mifereji inakuja juu ya maji, mingi, migongo imetokeza. Hawakukimbia hata mmoja. Hata waliokuwa shimoni tayari, waliokuwa salama, walitoka wakaja. Wakamzunguka Alute, midomo juu.

"Acha kupiga!" nikapiga kelele. "Baba Lucy, acha! Wanakuja!"

Hakunisikia, au alisikia na hakuamini. Akawa anapiga, anawafokea kwa Kinyaturu waende zao, waende, na kila anavyopiga wanazidi kubanana. Nikaingia majini na nguo zangu, nikawapita kama napita kwenye kundi la kondoo, wananigonga mapajani, nikamshika mkono wa fimbo. Nikaliona lile debe ndani. Limeganda machicha chini, makavu juu ya mengine makavu.

"Ulikuwa unawapa?"

"Kidogo," akasema. "Jioni. Tuliwapiga sana, Mama Lucy. Niliwaonea huruma. Ungo ungeuona, nikatumia hili."

"Yakiganda ulikuwa unafanyaje?"

Akaliangalia debe. Kisha akaligonga chini yake kwa ngumi mara moja, polepole, kunionyesha, na nikaona inamwingia akilini palepale, ngumi ikiwa bado hewani. Kila jioni, baada ya sisi kuwapiga, alikuja kuwaomba radhi, na radhi yenyewe ilitangazwa kwa kugonga debe. Tulikuwa tumewafundisha kweli.

Ufukweni vijana walikuwa wameduwaa. Nikamsikia Leonidas akisema kwa heshima, sauti ya chini, "Mwacheni mzee, asiguswe. Zungusheni." Mtumbwi wao ukapita nyuma yetu unashusha kokoro. Hawakuhitaji hata kulifikisha mbali. Tukawa ndani ya wavu mimi na mume wangu na samaki wote wa bwawa la Msule, na wao wametulia wanangoja machicha. Nilijaribu kuwasukuma kwa mikono. "Kimbieni," nikawaambia. Nilimpiga mmoja kofi. Aliona nacheza.

Kamba zikaanza kuvutwa. Leonidas aliingia majini na suruali yake nzuri akanishika mkono nivuke juu ya wavu. "Polepole mama, usije ukajikwaa." Kisha akamshika Alute, akamtoa kama baba yake.

Masanduku yalijaa, wakaenda kuazima magunia. Nilimwona Bibi, yule wa mkia uliopasuka, alitupwa juu ya barafu na wenzake, mdomo unafunguka na kufunga. Mashine ikashushwa kwa mbao na nyimbo. Alphonce akapanda juu ya jiwe akasema Msule inamshukuru ndugu Alute, maana watu wengine wangeweka kinyongo, lakini yeye amekubali uamuzi wa kijiji, tena amewaita samaki kwa mkono wake mwenyewe. Wakampigia makofi. Kristina alilia kwa furaha akanikumbatia, akasema hakujua kama mume wangu ni mtu mwema hivyo. Nilimpapasa mgongo, upande ule unaomwuma.

Kabla ya kuondoka Leonidas akaja na perege mkubwa, amemshika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo mbele ya Alute. "Mzee, ahsante. Nimevua mabwawa mengi, sijawahi kuona mtu anayewaita samaki hivi."

Alute akampokea. Hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza sikujua anakataa nini.

Watu walifuata mashine kupanda mlima. Sisi tukabaki. Alute alikaa kwenye jiwe bapa, miguu majini, yule samaki wa zawadi ameanza kukauka mapajani mwake. Nikaketi naye. Maji yalikuwa ya tope na hayana mtu.

Kisha nikamwona perege mmoja mdogo, saizi ya kupenya matundu ya kokoro. Alitoka chini ya jiwe, akaja mpaka kwenye mguu wa Alute, akaanza kumnyonya kidole gumba. Alute hakuuondoa mguu. Alimwangalia tu, machozi yanamdondoka kwenye magoti.

"Nenda!" nikampigia kelele yule samaki. "Kimbia, mjinga wewe, hukuona?"

Nikayapiga maji kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote. Akaruka akapotea. Nikapumua. Nikayapiga tena, ili asisahau, na tena.

Wakaja wawili.